Matibabu Nafuu na Msaada wa Fedha kwa Wanamuziki wa Lamu na Malindi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mpiga udi wa Lamu, mwimbaji wa bendi ya hoteli Malindi, mama wa vugo (ngoma ya harusi ya wanawake) na kijana wa Kigiriama anayewachezea watalii kayamba huko Watamu wote hula kwa msimu, lakini ugonjwa hauna msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, wageni huwa wengi na kazi hupatikana. Ikifika masika na kusi ikaanza, hoteli nyingi za Malindi hupunguza shughuli au hufunga kabisa, na mwezi wa Ramadhani harusi husimama na taarabu ikasimama nazo. Anayeugua wakati huo huugua mfukoni hamna kitu.

Nchini Marekani kuna shirika la MusiCares, lililoanzishwa mwaka 1989 kwa ajili ya kuwasaidia watu wa muziki pekee, na Uingereza kuna Help Musicians, lililoanza mwaka 1921. Kwetu Kenya hakuna mlango mmoja wa namna hiyo. Iliyopo ni milango midogo mingi, mingine ya serikali, mingine ya hospitali, mingine ya msikiti na mtaa, na karibu kila mmoja hudai karatasi fulani. Nimeona michango mingi ikianza mgonjwa akiwa tayari yuko wodini, jamaa zake wakihangaika kutafuta nakala ya kitambulisho na nambari ya bima ambayo haijawahi kuwapo, na inauma kuona kwamba sehemu kubwa ya mahangaiko hayo ingeweza kuepukwa. Ndiyo sababu hatua za mwanzo hapa chini ni za kufanywa ukiwa mzima na msimu ukiwa mzuri.

Hatua ya kwanza: jiandikishe SHA na ulipe wakati wa kaskazi

Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo kila mtu huiita SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani. Aliyekuwa mwanachama wa NHIF na hakujiandikisha upya hana bima, hata kama kadi yake ya zamani bado anayo. Kujiandikisha ni bure, kwa hiyo mtu akikudai pesa ili akuandikishe, muepuke. Piga *147# kwa simu yoyote ukiwa na kitambulisho cha taifa, kisha fuata maelekezo. Asiyeweza kutumia simu aende Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali), zahanati au hospitali ya serikali iliyo karibu, au amwombe mhamasishaji wa afya wa mtaani kwake amsaidie. Mwandikishe mwenzi wako, na watoto wako kwa vyeti vyao vya kuzaliwa. Asiye na vyeti vya watoto aanze kuvifuatilia sasa, kwa sababu mtoto asiyeandikishwa hahesabiwi katika bima ya mzazi.

Kwa asiye na mshahara wa kila mwezi, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya kama yatakavyokadiriwa, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Ukadiriaji hutokana na maswali kuhusu nyumba unayoishi, kuta na paa lake, maji, mwanga, nishati ya kupikia na idadi ya watu wanaokutegemea. Jibu kweli tupu, bila kujikweza wala kujishusha. Wanamuziki wengi hufikiria mapato yao kwa kipimo cha mwezi mzuri, ilhali mwaka una miezi mingi mibaya. Jumlisha ulichopata mwaka mzima, harusi, hoteli na tunzo za jukwaani, kisha gawanya kwa 12. Kiwango utakachopangiwa kikionekana kuuzidi uwezo wako, omba kipitiwe upya, na uwe na ushahidi wa mapato yako mkononi.

Tuchukulie kaya inayokadiriwa kupata shilingi 15,000 kwa mwezi. Mchango wake ni shilingi 412.50 kwa mwezi, yaani 4,950 kwa mwaka. Kaya ya shilingi 10,000 italipa kiwango cha chini, ambacho ni 3,600 kwa mwaka. Watu wa kipato kisicho cha mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na hapo ndipo wengi wetu hukwama. Tangu mwaka 2025 kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole unaomwezesha mtu kulipa kidogo kidogo. Hata hivyo, njia niipendayo zaidi kwa mtu wa harusi ni kutenga shilingi 500 katika kila harusi anayopiga msimu unapokuwa mzuri. Harusi kumi zinatosha kulipia bima ya kaya ile ya mfano wa kwanza kwa mwaka mzima, na tena hakuna deni.

Ukishalipa, faida yake huonekana unapolazwa. Viwango vya SHA vilivyotangazwa vinaiwezesha hospitali ya ngazi ya 4, kwa mfano ya kaunti ndogo, kulipwa shilingi 3,360 kwa kila siku ya kulazwa, shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida, 30,000 kwa uzazi wa upasuaji, na 10,650 kwa kila awamu ya kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo. Ukilinganisha na mchango wa 4,950 kwa mwaka, siku mbili za kulazwa zinauzidi.

Hatua ya pili: anzia zahanati, si hospitali kubwa

Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, na kinachohitajika kwako ni kuwa umejiandikisha SHA tu, hata kama bado hujalipa mchango. Kwa hiyo homa, kikohozi, kidonda au maumivu ya tumbo yaanzie hapo. Kwa mkazi wa kisiwani, kutoka moja kwa moja kwenda kliniki ya kulipia ni kutumia pesa ambazo zingeweza kubaki nyumbani.

Tatizo likizidi uwezo wa zahanati, utapelekwa hospitali. Lamu kuna Hospitali ya King Fahd mjini, na pia hospitali za Faza na Mpeketoni. Malindi kuna hospitali ya serikali mjini. Matatizo makubwa zaidi hupelekwa Kilifi au Coast General mjini Mombasa. Dai barua ya rufaa kabla ya kuondoka, na uhakikishe imeandikwa jina lako kama lilivyo katika kitambulisho. Safari ya kutoka Lamu hadi Mombasa ni ndefu, kwa boti hadi Mokowe na kisha kwa barabara, na mgonjwa anayefika bila barua anaweza kujikuta akianza foleni upya na kulipia vipimo alivyokwisha kufanyiwa. Kama ni lazima kwenda hospitali ya binafsi, uliza mambo mawili kabla ya kukaa kitandani: je, ina mkataba na SHA, na ni kiasi gani kitakachobaki juu yako baada ya bima kulipa?

Kwa walio mbali na mji, shirika la Safari Doctors, lenye makao yake Lamu, hupeleka tiba kwa boti katika vijiji vya mwambao wa kaskazini. Waulize wazee wa kijiji tarehe ya ziara inayofuata, kwa kuwa daktari akija kijijini kwako hulipi nauli ya boti. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa mwaka 2023, wanaweza kupima presha na sukari nyumbani kwa mgonjwa. Jambo hili linawafaa sana watu wa muziki, maana anayepiga hadi alfajiri hulala wakati kliniki ziko wazi, na presha huweza kukaa miaka bila kujulikana. Matibabu ya kifua kikuu na dawa za virusi vya Ukimwi hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, kwa hiyo umaskini usimzuie mtu kupimwa.

Yapo pia maradhi yanayotokana na kazi yenyewe. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu isifichwe kwa tangawizi na asali. Iangaliwe na daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu inaweza kuwa vinundu kwenye nyuzi za sauti au jambo zito zaidi. Kelele ya mluzi masikioni baada ya kukaa karibu na spika ni dalili ya masikio kuumia. Ganzi ya vidole kwa mpiga udi au kinanda isubiriwe siku chache tu, si miezi. Matatizo haya yakishughulikiwa mapema huwa na gharama ndogo, na yakichelewa humwondolea mtu riziki yake.

Hatua ya tatu: tengeneza faili moja

Nunua faili ya plastiki inayofungika vizuri, kwa sababu chumvi ya bahari na maji ya boti havina huruma na karatasi. Ndani yake weka nakala mbili za kitambulisho, nambari ya SHA ya kila mtu wa nyumbani, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, orodha ya dawa unazotumia na nambari za simu za watu wawili wanaoweza kusema kwa niaba yako usipoweza kusema.

Sehemu ya pili ya faili hiyo ndiyo wengi huisahau, nayo ni ushahidi kwamba muziki ni kazi yako. Weka mkataba wa hoteli hata kama ni ukurasa mmoja, barua ya tamasha uliloalikwa, tangazo lenye jina lako, na taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, ambayo unaweza kuiomba kwa *334#. Taarifa hiyo humwonyesha afisa yeyote jinsi pesa zilivyoingia Januari na zilivyokauka Mei, na inaeleza msimu wetu vizuri kuliko maneno. Kina mama wa vugo na wa lelemama, ngoma nyingine ya wanawake, ambao malipo yao mara nyingi ni ya mkononi na hayana karatasi, wamwombe mwenye harusi barua fupi yenye tarehe na kiasi walicholipwa. Wao ni wanamuziki kamili, na nasikitika kuona wanavyoachwa nje ya hesabu hata na wenzao.

Hatua ya nne: deni la hospitali likikukabili

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa aliyeanguka jukwaani au aliyepata ajali ya pikipiki akitoka kazini usiku ana haki ya kutibiwa kwanza, na mazungumzo ya pesa yafuate. Mahakama za Kenya pia zimeamua kwamba kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Kulijua hilo hakufuti deni, lakini kunakupa nafasi ya kuzungumza bila hofu.

Usingoje siku ya kuruhusiwa kutoka. Siku ya kwanza au ya pili ya kulazwa, mmoja wa jamaa amtafute afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali za serikali zina utaratibu wa kuwapunguzia au kuwasamehe ada wagonjwa wasio na uwezo, na afisa huyu ndiye anayechunguza hali ya mgonjwa na kutoa pendekezo. Atataka kumsikia mgonjwa au jamaa wa karibu, na barua ya chifu humsaidia. Mweleze ukweli kwa mpangilio na kwa heshima, kwa sababu naye huamua kati ya wengi wanaomlilia.

Andika ombi lako kwa maneno machache yenye takwimu. Kwa mfano: “Mimi ni mwimbaji wa taarabu, mkazi wa Langoni, na nina watoto wanne wanaonitegemea. Nimelazwa kwa upasuaji wa ngiri. SHA imelipa sehemu yake na nimebakiwa na deni la shilingi 18,000. Tangu Ramadhani sijapata kazi, kama taarifa ya M-Pesa niliyoambatisha inavyoonyesha. Naomba nipunguziwe ada hii, na kitakachobaki nikilipe kwa awamu za shilingi 1,500 kila mwezi.” Barua ya namna hii hufanya kazi kuliko karatasi mbili za malalamiko, kwani inamwonyesha afisa kiasi, sababu na njia ya kulipa. Omba pia hesabu iliyochanganuliwa, ikionyesha kitanda, dawa, vipimo na upasuaji kila kimoja peke yake, kisha uisome mstari kwa mstari. Ukikubaliwa awamu, pata makubaliano kwa maandishi na hifadhi kila risiti.

Hatua ya tano: dai pesa zako mwenyewe kabla ya kuomba za watu

Wako wanamuziki wetu wanaochangiwa matibabu huku nyimbo zao zikipigwa redioni, hotelini na kwenye magari ya abiria. Andikisha kazi zako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, kisha uulize huko ni chama gani chenye leseni ya mwaka huu ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye kazi zinapotumiwa, kwa sababu leseni hizo hutolewa na kuondolewa na usije ukajiunga na chama kisicho na kibali. Fahamu kwamba haki ziko za aina tofauti. Aliyetunga shairi na aliyetunga muziki wana haki ya utunzi. Aliyeimba na aliyepiga chombo wana haki ya utendaji. Aliyegharimia kurekodi ana haki ya rekodi. Katika taarabu ya Lamu, ambapo malenga mara nyingi ni mtu mwingine na mwimbaji mwingine, kila mmoja ajiandikishe kwa fungu lake. Warithi wa marehemu nao wana haki hiyo, kwani katika sheria ya Kenya hakimiliki ya utunzi hudumu kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki.

Kwa nyimbo zinazotumiwa kama miito ya simu, marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2022 yanataka msanii apate asilimia isiyopungua 52 ya mapato. Ikiwa wimbo wako uko Skiza, huduma ya miito ya Safaricom, kupitia wakala, dai taarifa ya mauzo na uipime kwa kiwango hicho.

Hatua ya sita: mifuko ya serikali, zaka na mikopo

Mzee wa muziki aliyefikisha miaka 70 na asiye na uwezo anaweza kuombewa nafasi katika Inua Jamii, mpango unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mlango wake ni chifu na ofisi ya ustawi wa jamii, na uandikishaji hufunguliwa kwa awamu, kwa hiyo jina liwe limeshajulikana kwa chifu kabla ya tangazo. Aliyepooza, aliyepoteza uwezo wa kusikia au kuona, ajiandikishe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali, kwani hupitia huko misaada ya vifaa kama viti vya magurudumu.

Zaka ni njia ambayo baadhi yetu huionea haya. Aya ya 60 ya Surat Tawba inataja makundi manane ya wanaostahiki, na miongoni mwao wamo mafukara, masikini na wenye madeni. Mwenye deni la hospitali asilolimudu amwendee imamu au kamati ya msikiti wake faraghani, akiwa na nakala ya hesabu ya hospitali, na aombe pesa zilipwe hospitalini moja kwa moja. Mtu asijinyime haki hiyo kwa kudhani kwamba kazi yake ya muziki imemtoa katika jamii ya Waislamu wenzake.

Kuhusu mikopo nitakuwa wazi: Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali unaopatikana kwa *254#, hutoa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wa mtu binafsi hutakiwa kurudishwa katika siku 14. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa hatapanda jukwaani katika siku 14. Mbali na suala la riba, ambalo kwa wengi wa Lamu linatosha kuufunga mlango huo, mkopo wa muda mfupi namna hiyo haufai kulipia matibabu. Programu za simu za kukopesha haraka hazifai hata kidogo.

Hatua ya saba: kikundi chenye mfuko wa maradhi

Chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, watu wasiopungua kumi wanaweza kusajili kikundi. Bendi moja na wapiga ngoma wa jirani wanatosha. Andikeni katiba fupi inayosema mchango wa kila mwezi ni kiasi gani, mgonjwa aliyelazwa atapewa kiasi gani, nani anaidhinisha, na mwanachama aliyekosa michango kwa miezi kadhaa atafanyiwa nini. Mweka hazina asiwe ndiye mwenye kuidhinisha malipo. Kwa uzee, mwanachama mmoja mmoja anaweza pia kujiwekea akiba katika mpango wa Haba Haba wa NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), unaopokea kuanzia shilingi 25 kwa siku.

Siku moja mtalazimika kuitisha mchango mkubwa wa hadhara. Wateueni watu wawili wa kushika hesabu ambao si ndugu wa mgonjwa, tangazeni deni halisi na nakala yake, elekezeni pesa kwenye nambari ya malipo ya hospitali inapowezekana, na mwisho wa wiki toeni orodha ya waliochanga na kiasi kilichofika. Picha za mgonjwa akiwa hoi msizisambaze bila idhini yake. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu akiwa amevaa kanzu safi ana haki ya kulindiwa heshima yake akiwa kitandani.

Kazi ya mwisho ya katibu wa kikundi ni kuwa na daftari la tarehe. Kila jina liandikwe pamoja na siku ambayo mchango wake wa SHA unakwisha, na mwezi wa Februari, hoteli zikiwa bado zinalipa, daftari lisomwe mbele ya wote na ambaye tarehe yake inaangukia kusi alipe kabla kaskazi haijakatika.